Msikiti Ujibu Nini? Dini, Damu na Lawama kutoka Maporomoko ya Stanley hadi Komanda

Yangambi iko kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo, kama kilomita 100 chini ya Kisangani. Wengi wanaijua kwa utafiti wa kilimo: INEAC ya Wabelgiji ilianzishwa mwaka 1933 na kuweka kituo chake kikuu cha utafiti hapo, na INERA ikairithi. Wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, hawajafika hapa. Mauaji ya Beni na Ituri tunayasikia kwa redio, kwa simu na kwa jamaa wanaokimbia. Hata hivyo, habari ya damu ikishafika, mazungumzo ya kibarazani huelekea upande mmoja: Waislamu wanasema nini? Masheikh mbona wamenyamaza?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko ADF. Liliwahi kuulizwa kwenye mto huuhuu kabla babu zetu hawajazaliwa, na jibu lililotolewa wakati ule bado linaamua nani anaitwa kujieleza na nani anaachwa apite.

Moshi kando ya mto, 1883–1894

Mwishoni mwa Novemba 1883 Henry Morton Stanley alikuwa akipanda mto kwa mashua za mvuke, akimtumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kati ya mlango wa mto Aruwimi na maporomoko yaliyokuja kuitwa kwa jina lake, yaani katika kipande hikihiki cha mto ambako Yangambi ipo, alikuta vijiji vilivyoteketezwa. Kisha akaifikia kambi ya wafanyabiashara waliotoka Nyangwe na Kasongo. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, kambini mlikuwa na mateka 2,300, wengi wao wanawake na watoto.

Unyama ule ulikuwa wa kweli, na wazee wa Walokele na Waturumbu hawakuhitaji kitabu cha Stanley ili waujue. Kitabu hicho kilipotoka mwaka 1885, kilifanya kazi nyingine. Miaka mitatu baadaye Kadinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri vita vitakatifu dhidi ya biashara ya watumwa, na mwaka 1889 mataifa makubwa yakaanza mkutano wao mjini Brussels juu ya jambo hilohilo. Katika masikio ya Ulaya, Mwarabu, Mwislamu na mwuza watumwa wakawa mtu mmoja.

Kumbe kambini hali ilikuwa tofauti. Waarabu wa Oman walikuwa wachache. Jeshi lenyewe lilikuwa la Waswahili wa pwani, Wanyamwezi na, zaidi ya wote, Wamanyema, ambao baadhi yao walitekwa wakiwa watoto kisha wakapewa bunduki. Bidhaa iliyotafutwa kwanza ilikuwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia kuwa vibonyezo vya piano Marekani na Uingereza. Waliozipiga piano hizo hawakuulizwa dhehebu lao.

Leopold naye hakuwaona Waislamu wa maporomoko kuwa najisi alipowahitaji. Agosti 1886 kituo cha dola yake kwenye maporomoko kilishambuliwa na kutekwa na watu wa Tippu Tip. Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley yuleyule aliyehesabu mateka alitia saini mkataba uliomfanya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, kuwa wali wa Maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyetajwa Ulaya kuwa adui wa ustaarabu akawa mtumishi wa serikali, bendera ya Dola Huru ya Kongo ikapepea mbele ya nyumba yake.

Ndoa hiyo haikudumu. Tippu Tip aliondoka mwaka 1890 kurudi pwani, na ushindani wa pembe ukazidi. Mei 1892 msafara wa kibiashara wa Hodister uliuawa katika eneo la Lomami na Lualaba, vita vikawaka. Dhanis, kamanda wa dola hiyo, alimpata upande wake Ngongo Lutete, jemadari aliyekuwa akiteka watu kwa niaba ya Tippu Tip na mwanawe Sefu. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Mei mapigano yakafika maporomoko yenyewe, ambako Tobback, ofisa wa dola, alikuwa amebanwa hadi ofisa mwenzake Chaltin alipofika kumwokoa. Januari 1894 Rumaliza, kiongozi mwingine wa wafanyabiashara hao, akashindwa, mambo yakaisha. Ngongo Lutete hakuuona ushindi alioutengeneza: Wabelgiji walimpiga risasi Septemba 1893 kwa tuhuma za usaliti.

Mjini Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, mnara uliozinduliwa mwaka 1921 unasifu ushujaa wa askari wa Kibelgiji waliomwangamiza "Mwarabu" mwuza watumwa. Neno hilo limelalamikiwa miaka mingi, likakwanguliwa kwenye jiwe. Sentensi nyingine zote zimebaki.

Kilichofuata upande wetu wa mto kilikuwa mpira. Dola ileile iliyojitangaza mkombozi iliwatoza watu wa misitu kodi ya utomvu kwa bunduki, kwa mateka wa kike na kwa mikono iliyokatwa, hadi Leopold akalazimika kutuma tume ya uchunguzi mwaka 1904. Wamisionari walikuwa wameshakaa: Padri Gabriel Grison alianzisha misheni ya Saint-Gabriel karibu na maporomoko Krismasi ya 1897, na Wabaptisti wa Kiingereza walikuwa Yakusu, njia ya kushukia Yangambi. Sijaona popote ambapo padri au mchungaji alitakiwa kujieleza kwa kuwa maofisa wale walibatizwa kama yeye. Haki ilikuwa hiyo, asitakiwe. Baadhi ya wamisionari ndio waliopiga kelele dhidi ya mpira wa damu. Ila tukumbuke jinsi kipimo kilivyowekwa: dola ilihukumiwa kama dola, kampuni kama kampuni, ofisa kwa jina lake. Kwa Mwislamu, dini nzima ilipanda kizimbani.

Chini ya jicho la serikali, 1894–1960

Walioshindwa hawakutoweka. Kuanzia Kasongo, Kirundu na Ubundu hadi Kisangani na Isangi walibaki watu wenye misikiti, wenye Kiswahili, wenye kanzu. Wabelgiji wakawaita arabisés na kuwawekea machifu wao.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetia saini mkataba na Vatikani mwaka 1906, elimu ikawa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili: ampeleke mwanawe shule ya mapadri, akijua huenda atarudi na jina jipya, au ambakize chuoni akasome Kurani na kukosa cheti. Wengi walichagua chuo. Miaka ya 1920 ilipokuwa ikielekea mwisho, twarika ya Qadiriyya ilipoenea Maniema, maofisa waliiandikia ripoti za wasiwasi kama walivyoziandikia harakati za kidini za Wakimbangu na Kitawala. Matokeo yalionekana Uhuru ulipokuja: Waislamu walikuwa wachache mno katika ofisi za serikali. 

Simba, 1964

Mwanzoni mwa Agosti 1964 waasi wa Simba waliiteka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Waliua makarani, walimu na wanasiasa mbele ya mnara wa Lumumba. Waliwashika mateka Wazungu hadi makomandoo wa Kibelgiji waliposhuka kwa miavuli tarehe 24 Novemba. Mapadri, masista na wachungaji wengi waliuawa. Huko Isiro, alfajiri ya tarehe 1 Desemba, kanali mmoja wa Simba alimuua Sista Marie-Clémentine Anuarite aliyemkatalia. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Kama upo wakati ambao Wakristo wa mashariki wangeweza kusema wanawindwa kwa sababu ya imani, ni miezi ile. Lakini Simba walikuwa watu wa dawa, wa maji ya Mulele waliyoamini yanawakinga na risasi, na wa jina la Lumumba. Hawakuwa na msikiti nyuma yao. Lawama zikaelekezwa kwa makabila, vyama na Wakomunisti wa mbali. Kanisa liliwazika watu wake na kuendelea, na hakuna jumuiya ya dini iliyoamriwa ilaani kwanza ndipo iruhusiwe kulia.

Kiti mezani

Mobutu, kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1971, alipunguza madhehebu yaliyotambuliwa na serikali, na Uislamu ukawa miongoni mwa machache yaliyobaki. Mwaka uliofuata likaundwa shirika moja la Waislamu wa Zaire, ambalo leo ni COMICO. Kabla ya muongo kwisha, Waislamu walipata pia shule za mkataba na serikali kama Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu.

Kiti hicho kilikuja na gharama. Serikali ilitaka mlango mmoja wa kubisha, na shirika moja lenye mwenyekiti mmoja likawa chanzo cha ugomvi usiokwisha juu ya nani ni mwenyekiti. Jambo hilo lilionekana dogo wakati ule. Mwaka 2021 halikuwa dogo tena.

Kutoka Kampala hadi Rwenzori, 1991–2013

ADF haikuzaliwa Kongo. Mzizi wake uko Kampala, kati ya vijana wa Tabligh waliogombana na viongozi wa Waislamu wa Uganda. Mwaka 1991 walivamia makao ya viongozi hao huko Old Kampala, na baadhi yao wakafungwa. Jamil Mukulu, aliyewahi kuwa Mkristo kabla ya kusilimu, akawa kiongozi. Jeshi la Uganda lilipovunja kambi yao ya Buseruka mwaka 1995 walivuka mpaka na kuungana na NALU, mabaki ya waasi wa milima ya Rwenzori, wengi wao Wakonjo na Wakristo. Kundi ambalo leo linatajwa kama jeshi la dini moja lilianza basi kama mkataba kati ya Waislamu wenye hasira na Wakristo wenye kinyongo, chini ya macho ya Mobutu na Sudan, waliokuwa na ugomvi wao na Rais Museveni wa Uganda.

Liliua mapema. Juni 1998 wanafunzi wapatao 80 wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, magharibi mwa Uganda, waliteketezwa kwenye mabweni. Baadaye likazama msituni kwa miaka mingi, likioa, likilima, likinunua na kuuza mbao na dhahabu na wenyeji wa Beni.

Kisangani wakati huo ilikuwa na msiba wake. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, yakaua mamia ya raia na kubomoa nyumba, shule na makanisa. Kwa Kisangani ndiyo damu nyingi kuliko yoyote ambayo ADF imewahi kuimwaga karibu nayo. Jinsi mjadala wake ulivyokwenda ni somo: Kongo iliipeleka Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325 za Marekani kwa madhara yote ya uvamizi wake Kongo, ya Kisangani yakiwemo. Askari wale walikuwa na dini zao, bila shaka. Makaburi ya Kisangani hayakuulizia.

Beni: wauaji ni nani? 2014–2018

Tarehe 2 Januari 2014 Kanali Mamadou Mustafa Ndala, aliyekuwa kipenzi cha mashariki yote baada ya kushindwa kwa waasi wa M23, alikuwa njiani karibu na Beni kwenda kuwapiga ADF. Gari lake lilirushiwa kombora, akafa. Novemba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo luteni kanali wa jeshi lilelile la Kongo kwa kuhusika. Aliyetumwa kuwapiga ADF alikuwa na jina la Kiislamu, na aliyetiwa hatiani alivaa sare za serikali. Ukitaka kugawa Beni katika Waislamu na Wakristo, anza kwa kuiweka kesi hiyo upande unaoupenda.

Oktoba 2014 mauaji ya raia yakaanza kwa wingi, kijiji baada ya kijiji, kwa mapanga na shoka. Hofu ikawa kubwa kuliko habari. Mwisho wa mwezi huo, mjini Beni, umati ulimuua kijana aliyeshukiwa kuwa mwasi kwa sababu mojawapo kwamba hakuweza kusema Kiswahili. Wakati huo mtego ulikuwa lugha. Dini ilikuja kuchukua nafasi yake baadaye.

Kinshasa ilikuwa na jibu moja: ADF, magaidi wa kigeni. Machi 2016 Kundi la Utafiti juu ya Kongo, la Chuo Kikuu cha New York, lilichapisha uchunguzi uliowaudhi wengi. ADF walikuwemo, ulisema, lakini walikuwemo pia wanamgambo wa kienyeji, watu waliotokana na waasi wa zamani wa RCD-K/ML na hata maofisa wa jeshi la taifa. Huo ndio uliokuwa wakati wa kuuliza maswali magumu. Serikali haikupenda kuulizwa, na neno "jihadi" lilikuwa rahisi zaidi kulitamka mbele ya mabalozi.

Wenzetu wa Afrika Mashariki walikuwa katikati ya mjadala huohuo. Huko Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Wakristo wakitengwa ili wapigwe risasi, na Waislamu wa Eastleigh na Mombasa wakajikuta wakitakiwa kutoa hati ya usafi. Desemba mwaka huo, basi lililokuwa likielekea Mandera lilitekwa na al-Shabaab. Abiria Waislamu walikataa kujitenga na Wakristo, wakawavisha hijabu, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na kufa wiki chache baadaye. Wakenya walimlilia kama shujaa wa taifa. 

Bendera nyeusi, 2019–2020

Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Musa Baluku, aliyeshika usukani, aliuelekeza msafara Mashariki ya Kati. Aprili 2019 Dola la Kiislamu lilidai kwa mara ya kwanza shambulio katika ardhi ya Kongo na kulitaja jimbo lake la Afrika ya Kati. Kuanzia hapo kila kijiji kilichochomwa kilitangazwa ng'ambo kama ushindi dhidi ya makafiri, kwa picha na kwa Kiswahili. Walioponyoka porini walisimulia jinsi walivyolazimishwa kusilimu, wasichana wakaozwa kwa nguvu.

Ushuhuda huo si wa kupuuzwa, na mwandishi anayewatetea Waislamu wa Kisangani kwa kuuficha hawasaidii. Wauaji wanatumia maneno ya dini, wanasali, wana makadhi wao. Wakati huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walibaki miaka kadhaa wakisema hawajaona ushahidi wa amri ya moja kwa moja kutoka Dola la Kiislamu. Ni mwaka 2023 ndipo walipothibitisha kwamba fedha zilikuwa zikitumwa tangu angalau 2019. Marekani haikungoja. Machi 2021 iliiweka ADF kwenye orodha ya magaidi kwa jina la ISIS-DRC.

Aprili na Mei 2021

Miezi hii miwili inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa mjadala wote ulikutana humo.

Aprili, baraza la maaskofu Wakatoliki, CENCO, lilitoa tamko baada ya ujumbe wake kutembelea mashariki. Rais wake alikuwa Marcel Utembi, Askofu Mkuu wa Kisangani, baba askofu wetu. Tamko lilisema zaidi ya watu 6,000 wameuawa Beni tangu 2013 na zaidi ya 2,000 Bunia katika mwaka 2020 pekee. Liliutaja uporaji wa maliasili. Likasema pia kwamba kuna mpango wa muda mrefu wa kulifanya eneo hilo la Kiislamu.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobebwa na watu. Naamini maaskofu walikuwa wakieleza waliyoambiwa na manusura, na walikuwa na haki ya kuyaeleza. Tatizo ni namna sentensi inavyosafiri. Ikitoka Beni, inamhusu Baluku. Ikifika Kisangani, inamhusu mzee anayeuza vitambaa jirani na msikiti.

Tarehe 1 Mei, katika mwezi wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini, kiongozi wa Waislamu wa Beni, alipigwa risasi ndani ya msikiti wakati wa sala ya usiku. Alijulikana kwa kuwasema ADF hadharani. Tarehe 6 utawala wa kijeshi ulianza Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tarehe 18 Sheikh Djamali Moussa aliuawa Mavivi, nje kidogo ya Beni, naye akiwa miongoni mwa waliokemea. Wale waliokuwa wakiuliza kwa nini masheikh wamenyamaza walipata jibu mara mbili katika wiki tatu. Sikumbuki kama walilisikia.

Na katikati ya misiba hiyo miwili, aibu. Tarehe 13 Mei, siku ya Idi, makundi mawili yanayogombania uongozi wa COMICO yalipigana nje ya uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, na askari polisi akauawa. Mahakama ikawahukumu kifo watu wapatao 30 karibu papo hapo. Shirika ambalo lingewasemea wafiwa wa Beni lilikuwa likigombana lenyewe kwa lenyewe. Mbegu iliyopandwa miaka ya 1970, ya mlango mmoja na kiti kimoja, ilikuwa imekomaa.

Kwa haki, mwezi uliofuata Rais Félix Tshisekedi, akiwa Bunia, alisema wazi kwamba ndani ya jeshi mna mafia. Hilo nalo lilikuwa jibu la swali la uwajibikaji, tena kutoka kwa amiri jeshi mkuu. Halikujadiliwa hata nusu ya sentensi ile ya maaskofu.

Mabomu, kisha usiku wa Komanda, 2021–2025

Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni, likajeruhi wanawake wawili. Siku ya Krismasi lingine likaua katika mgahawa wa In Box mjini humohumo. Baina ya hayo, Novemba, milipuko ya Kampala ilileta jeshi la Uganda Kongo, safari hii kwa mwaliko: operesheni Shujaa ilianza tarehe 30 Novemba 2021. Wakongomani wa Kisangani waliomkumbuka mgeni huyo wa mwaka 2000 hawakujua wacheke au walie.

Wapiganaji walisukumwa, wakatawanyika kuelekea Mambasa na Lubero. Tarehe 15 Januari 2023 bomu liliwaua watu wasiopungua 14 katika kanisa la CEPAC huko Kasindi, wakati wa ubatizo. Juni wakavuka mpaka na kuua watu 42, wengi wao wanafunzi, katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, vijana wa Croisade Eucharistique walikuwa wakikesha katika parokia ya Komanda, Ituri, yenye jina la Mwenyeheri Anuarite, ADF walipowavamia. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, ilihesabu maiti 43: wanawake 19, wanaume 15, watoto 9. Karibu miaka 61 baada ya Isiro, parokia iliyopewa jina la shahidi wa Simba ilipata mashahidi wake, na mara hii muuaji alikuja na jina la dini. Safari hii hasira ya Wakristo haikuhitaji kuelezwa na mtu.

Nani aulizwe nini

Komanda iko kwenye barabara ya taifa namba 4, inayopita Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende hadi Kisangani. Kadiri ADF wanavyosogea magharibi ndivyo mjadala huu utakavyoacha kuwa wa redioni. Tshopo tayari inajua jinsi jirani anavyogeuka adui: tangu 2023 Wambole na Walengola wamechinjana kwa ugomvi wa ardhi ulioanzia Lubunga na Ubundu, hapo mlangoni mwa Kisangani, bila hata aya moja ya kitabu kitakatifu kuhitajika.

Rai yangu ni kwamba imamu wa Kisangani hana deni la kujibu kwa niaba ya Baluku, kama Grison asivyokuwa na deni la mpira. Ana deni la mambo yaliyo mikononi mwake: nani anahubiri kwenye mimbari yake, vijana gani waliitwa kwenda kusoma au kufanya kazi mashariki na hawakurudi, fedha za chuo kipya zimetoka wapi. COMICO ina deni la kumaliza ugomvi wa kiti. Maaskofu nao wana deni la kusema kwa sauti ileile, kutoka altare ileile, kwamba Amini na Djamali ni wafu wa Kongo kama wale wa Butsili. Serikali ndiyo yenye hesabu ndefu kuliko wote, na imeikwepa tangu 2014 kwa kuwaacha raia wajadili dini ya muuaji badala ya kambi ya jeshi iliyokuwa jirani na kijiji na haikutoka.

Ndugu msomaji wa Yangambi, wa Isangi, wa Kisangani: siku habari nyingine ya damu itakapofika kutoka njia ya Bafwasende, na mtu akapendekeza twende msikitini kutaka maelezo, mwambie aanzie kwa gavana, ofisi yake ipo mjini Kisangani. Baada ya hapo nenda msikitini, ukawape pole.